Mjane yuko kwenye "mengineyo": kisa cha nchi iliyoridhia mkataba bila kuweka sharti hata moja

Kwanini nimechagua kisa hiki

Nimeshinda sana na mafaili ya mirathi ya mahakama za mwanzo, mimi ni msaidizi wa kisheria tu sio wakili, na karatasi niliyoizoea kuliko zote ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Ni karatasi ya daftari yenye mistari ya bluu, juu jina la marehemu na tarehe, afu ajenda: kufungua kikao, kuteua msimamizi wa mirathi, madeni ya marehemu, mengineyo, kufunga kikao. Chini kuna sahihi za baba wakubwa na baba wadogo na dole gumba mbili tatu za wazee. Ukimtafuta mjane kwenye hiyo karatasi utamkuta kwenye mengineyo, mstari mmoja, na mara nyingi hata hajasaini.

Sasa kwenye mafunzo nikieleza kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za wanawake tangu 1985 lazima mtu aulize, kama nchi ilisaini ilikuwaje tena mjane anatolewa nje na vyombo vyake? Swali zuri na jibu lake refu, na kisa cha kulijibu ninacho. Ni cha wajane wawili wa mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoamua shauri lao iliwaandika kwa herufi tu, E.S. na S.C., na mimi nitaishia kwenye hizo herufi, kijiji sitaji, watoto sitaji.

Usuli: mkataba upande huu, kijitabu upande huu

Mkataba wenyewe ni ule wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, wengi tunauita CEDAW. Tanzania ilitia saini 1980 ikauridhia Agosti 1985. Na hapa ndo pa kutulia kidogo, manake nchi ikiingia kwenye mkataba inaruhusiwa kuweka rizavesheni, yaani kusema wazi kwa maandishi kwamba kifungu fulani hakinibani. Nawaambiaga watu ni kama chama cha kuzikana cha mtaani, unajiunga lakini unamwambia katibu mbele ya wanachama, misiba nitachangia, harusi msinihesabie. Katibu anaandika, kila mtu anajua, na mwanachama mwingine ana haki ya kusimama akasema huo sio uanachama. Oman ilipoingia 2006 iliweka sharti kwenye kila kitakachogongana na sharia na sheria zake za ndani, Saudia nayo ikaweka sharti la jumla la namna hiyo, Niger ikataja vifungu inavyovikwepa kikiwemo cha kubadili mila. Kwenye Itifaki ya Maputo, ile ya Afrika kuhusu haki za wanawake, Kenya iliweka sharti kwenye kifungu cha kupunguza matumizi ya kijeshi na kile cha utoaji mimba, Uganda nayo ikaweka sharti kwenye baadhi ya vifungu vya afya ya uzazi.

Tanzania? Haikuweka kitu. CEDAW bila sharti, Maputo 2007 bila sharti. Na Januari 2006 ikaingia pia kwenye Itifaki ya Hiari ya CEDAW, ile inayomruhusu mtu binafsi kuishtaki nchi yake mbele ya Kamati akishamaliza mahakama za nyumbani. Itifaki hiyo imekataza rizavesheni moja kwa moja, unaingia mzima au unabaki nje. Wakati huo majirani zetu Kenya na Uganda walikuwa nje, kwa hiyo mjane wa Kisumu au Gulu mlango huo hakuwa nao. Wa kwetu alikuwa nao, kwenye karatasi tulikuwa watu wazuri sana.

Afu kuna kijitabu. Mwaka 1963, baada tu ya uhuru, serikali iliandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zikawa sheria ya kuandikwa, Tangazo la Serikali namba 279 na namba 436. Hilo 436 ndilo lenye urithi. Linasema msimamizi wa mali ni kaka mkubwa wa marehemu au baba yake, wakikosekana atafutwe mwanaume mwingine wa ukoo. Linapanga warithi kwa madaraja, mtoto wa kiume wa kwanza daraja lake, wadogo zake wa kiume daraja lao, mabinti wote wanakaa la tatu. Na kanuni ya 27 inasema, kwa maneno yangu, mjane hana fungu kwenye mirathi kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Ambaye watoto wake wana miaka minne na sita sijui walitegemea atunzwe na nani.

Mtu akisikia "mila" anadhani ni maneno ya wazee kwenye kahawa. Hii sio hivyo, ni sheria ya nchi yenye namba na hakimu anaifungua ukurasa.

Kilichotokea

Waume wa hao kina mama wawili walifariki mwaka 1999 na 2000. Mmoja alibaki na watoto wadogo, mwingine naye vilevile alikuwa na mtoto, na wote wawili yakawakuta yaleyale, mali ikaenda upande wa mume, wao na watoto wakatolewa kwenye nyumba walizokuwa wakiishi na waume zao. Mlolongo wa namna hii kila aliyekaa kwenye matanga anaujua, siku za mwanzo shemeji ni shemeji, anakuita mke wetu, arobaini ikipita anaulizwa mwenye hati ya kiwanja.

Mwaka 2005, wakisaidiwa na shirika la msaada wa kisheria, wakafungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu. Hawakuomba nyumba irudi. Waliomba kanuni zenyewe za urithi ndani ya lile Tangazo 436 zitamkwe kuwa zinavunja Katiba, hasa ibara ya 13 ya usawa, pamoja na mikataba ambayo nchi imeridhia.

Hukumu ikatoka Septemba 2006. Na hii hukumu ni ya kuisoma mara mbili manake mara ya kwanza utadhani umeruka ukurasa. Mahakama ilikubali kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, imekubali kabisa, afu ikakataa kuzifuta. Sababu? Kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama, na kwamba wakigusa hii watafungua kasha la balaa, mila za makabila 120 na ushee zote zitafuata njia hiyohiyo. Ikaelekeza kwenye halmashauri za wilaya, ambazo kisheria zina nafasi ya kupendekeza mila zirekebishwe.

Wakakata rufaa. Rufaa ikakaa miaka minne. Desemba 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa bila kugusa hoja hata moja ya urithi, kisa amri ya Mahakama Kuu iliyoambatanishwa ilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Tarehe! Karatasi iliyotengenezwa na mahakama yenyewe, wala sio na wale wajane wala mawakili wao.

Mwaka 2012 shauri likapelekwa kwenye Kamati ya CEDAW, na tarehe 2 Machi 2015 Kamati ikatoa maoni yake. Kutoka msiba hadi hapo hesabu mwenyewe, mtoto aliyekuwa anabebwa mgongoni siku ya mazishi alikuwa kidato cha nne.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwanini (ninavyoyasoma mimi)

Uamuzi mkubwa wa kwanza ulikuwa kushambulia sheria badala ya kugombea nyumba. Wangeweza kurudi mahakama ya mwanzo kubishana na uteuzi wa msimamizi, na kuna wajane wanafanya hivyo na wengine wanafanikiwa kutegemea na hakimu. Lakini ukishinda hapo umeshinda wewe, jirani yako kesho anatolewa kwa kanuni ileile. Pia walikuwa na sababu ya kuwa na matumaini. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya, alikuwa ameshakataa kanuni ya 20 ya kijitabu hichohicho, ile inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Mama mmoja wa Kagera alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia akaliuza, mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kwamba mwanamke hana ruhusa hiyo, na jaji akasema Katiba ina haki za binadamu na nchi imeridhia CEDAW, kwa hiyo kuanzia leo mwanamke anauza kama mwanaume anavyouza. Kama ilivunjika kanuni ya 20 kwanini isivunjike ya 27?

Uamuzi wa pili ni wa majaji wa 2006, na nitauangalia vizuri chini.

Wa tatu ni kutorudi nyuma baada ya rufaa kutupwa. Kiutaratibu mtu angeweza kusema tengenezeni amri nyingine yenye tarehe nzuri muanze upya. Ila ukiwa umeshakaa nje ya nyumba yako miaka kumi, kuambiwa anza upya ni sawa na kuambiwa nenda. Kamati ilipoangalia kama njia za ndani zimemalizwa ililiona hilo, ucheleweshaji wa miaka minne na kosa la tarehe ambalo sio la walalamikaji.

Wa nne ni kwenda Geneva, ilipo hiyo Kamati, badala ya Arusha, na huu watu hawaujadili sana. Machi 2010 Tanzania ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu raia na mashirika kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo ipo Arusha, basi la asubuhi unafika. Hukumu zake zinabana kisheria, maoni ya Kamati ya Geneva hayabani kwa namna hiyo. Na Maputo ina kifungu cha 21 kabisa kinachompa mjane fungu la haki. Kwanini Geneva basi? Nadhani kwa sababu Kamati ndo yenye mkataba wenyewe na miaka mingi ya kuzungumza habari za mila na urithi, na Mahakama ya Afrika wakati huo ilikuwa bado changa, hukumu yake ya kwanza ya kuchambua madai yenyewe ilikuja Juni 2013, kesi ya mgombea binafsi, dhidi ya Tanzania hiyohiyo. Mimi ningeenda Arusha. Lakini ile ya mgombea binafsi ilibana kisheria na bado hadi leo huwezi kugombea urais bila chama, kwa hiyo sijui ningekuwa nimepata nini.

Matokeo

Kamati ilikuta vifungu vingi vimevunjwa: wajibu wa kuwalinda wanawake mahakamani na kufuta sheria na mila za kibaguzi (kifungu cha 2), kubadili mienendo ya jamii (5), usawa mbele ya sheria na kwenye mali (15), haki sawa wakati wa ndoa na inapokwisha (16). Na kimoja ambacho watu hawakitarajii, cha 13, kile cha mikopo ya benki na huduma za fedha. Mwanzoni nilishangaa mikopo imeingiaje kwenye msiba. Fikiria tu, mama ametolewa kwenye nyumba, hana kiwanja wala cherehani, anaenda kwenye taasisi ya mikopo anaulizwa dhamana.

Ikapendekeza walipwe fidia inayolingana na walichotendewa, sheria za mila zifutwe au zirekebishwe, wanawake wapate mahakama inayofikika, na mchakato wa katiba mpya uharakishwe ili Katiba iwe juu ya mila. Nchi ikapewa miezi sita kujibu. Sasa angalia bahati, hayo ni ya Machi 2015, kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa ipigwe tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, ikaahirishwa na haijapigwa hadi leo. Mwaka 2016 Kamati ilipokutana na Tanzania kwenye ripoti ya kawaida suala lilikuwa bado mezani. Maoni ya Kamati hayana dalali wa mahakama wa kwenda kugonga mlango wa shemeji.

Uchambuzi

Nianze na hukumu ya 2006 manake hapo ndo kisa chote kimelala. Mahakama haikusema CEDAW haituhusu, ingesema hivyo ingekuwa rahisi kuijibu. Ilisema ubaguzi upo lakini mila hatuzigusi. Ukiitafsiri kwa lugha ya mikataba hiyo ni rizavesheni, tena kubwa kuliko ya Niger, isipokuwa hii haikuandikwa popote. Nchi ilijiunga na chama cha kuzikana bila sharti lolote, ikapigiwa makofi, afu mweka hazina akija kuchukua mchango mtoto anatumwa mlangoni kusema mama hayupo.

Na mimi naona hii ni mbaya kuliko sharti la wazi. Sharti la wazi nchi nyingine zinaweza kulipinga kwa maandishi, na nchi za Ulaya zimefanya hivyo mara nyingi kwa masharti ya Saudia na wengine. Kamati inaliuliza kila ripoti mtaliondoa lini, na kuna nchi zimeondoa. Tena kifungu cha 28 cha CEDAW kinasema sharti linalogongana na lengo la mkataba haliruhusiwi, kwa hiyo Tanzania ingejaribu kuandika "mila za urithi zisiguswe" ingepata maswali siku hiyohiyo. Sharti la kimya nani atalipinga? Linajulikana na mjane peke yake siku akifika dirishani kwa karani. Kenya ya zamani angalau ilikuwa muwazi wa namna yake, katiba yake ya awali kifungu cha 82 kilisema kabisa katazo la ubaguzi halihusu sheria za mila kwenye ndoa na urithi, watu walijua adui yuko ukurasa gani, wakapambana nacho, na 2010 kikaenda.

Majaji wangeweza kufanya nini kingine bila kuleta hilo balaa waliloliogopa? Kitu kilikuwepo mkononi. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama, ikikuta sheria inavunja haki, kutoifuta papo hapo bali kuipa serikali muda wa kurekebisha. Yaani wangeweza kusema kanuni hizi ni batili, tunawapa mwaka mmoja. Miaka kumi baadaye, Julai 2016, Mahakama Kuu ilifanya hivyohivyo kwenye kesi ya ndoa za utotoni aliyofungua Rebeca Gyumi, ikatoa mwaka mmoja kurekebisha vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Huo mwaka ulipita bila sheria kubadilishwa, kwa hiyo sisemi 30(5) ni dawa, ila angalau nchi inakuwa na deni lililoandikwa kwenye daftari lake yenyewe.

La tarehe sitalisamehe haraka. Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ilikuwepo 2010. Ilibidi ifike 2018 sheria irekebishwe kuweka wazi kwamba lengo ni haki kutendeka, na nyaraka zenye kasoro ndogo zisiue rufaa. Ndugu zangu wasaidizi wa kisheria, mkichukua nakala mahakamani someni tarehe ya hukumu na tarehe ya amri mkiwa bado mmesimama hapohapo dirishani, msisubiri mfike nyumbani.

Kuna kichekesho kingine ndani ya sheria zetu ambacho kisa hiki kinakianika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinagawa mali hiyo wanandoa wakiachana. Kwa hiyo yuleyule mwanamke, nyumba ileile, akipewa talaka Jumatatu ana fungu, mume akifa Jumatatu bila talaka ana hisani. Nimewahi kumweleza hivi mzee mmoja wa ukoo, akacheka kwanza, afu akanyamaza, akasema basi sisi tunawaadhibu waliovumilia.

Kilichofanya kazi kipo na sio kidogo. Hoja kwamba "ni mila yetu" imejibiwa kwa maandishi na chombo cha mkataba, kwamba nchi iliyoridhia bila sharti haiwezi kuweka mila mbele, na hiyo sasa ni karatasi ambayo wakili yeyote Afrika anaibeba mahakamani. Kushambulia sheria badala ya shemeji kulifanya kosa liitwe la nchi, sio la ukoo mmoja wenye roho mbaya. Kilichofeli ni kwamba wanawake wawili walibeba kesi ya nchi nzima na wakati wote huo hakuna aliyekuwa anapigania nyumba. Mimi ningependa kuona njia zote mbili zinaenda pamoja, shauri la kikatiba juu na ombi la kupinga msimamizi chini, hata kama la chini lina hatari ya kushindwa, manake mtu anahitaji pa kulala wakati mkataba unajadiliwa.

Na ardhi ya kijiji ina njia fupi ambayo wengi hawaitumii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hii ni ya Bunge letu, haihitaji Geneva. Saivi nikiitwa kusaidia kuandaa kikao cha ukoo naenda na nakala ya ukurasa huo, naomba isomwe kabla ya kuteua msimamizi, na naomba katibu abadilishe mpangilio: kufungua kikao, makazi ya mjane na watoto, kuteua msimamizi. Wazee wananung'unika kidogo kuhusu namba. Mara ya mwisho katibu alikataa kufuta, akachora mshale kutoka kwenye mengineyo hadi juu, karatasi ikapelekwa mahakamani hivyohivyo na mshale wake, na hakimu akaipokea.